Barua kwa Dada kutoka Rimini

Rimini, Italia

Dada Mwajuma, shikamoo.

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Joto la Agosti lilitushinda Bologna, tukapanda treni kuja huku pwani, Bahari ya Adria.

Ufukwe ni mrefu kweli, lakini umekatwa vipande, kila kipande na namba yake na mwenyewe, miavuli imepangwa kama wanafunzi mstarini. Kiti na mwavuli unalipia. Najua Mama atashangaa: pesa ya kukaa mchangani? Ndiyo, na wameianza siku nyingi, tangu 1843. Bahari yenyewe ni kina kifupi, unatembea mpaka unachoka na maji bado yako kiunoni.

Mwambie Baba kuna daraja la mawe, matao matano, Waroma walilimaliza mwaka 21 BK. Vita Kuu ya Pili iliubomoa sana mji huu, daraja likabaki. Nimelivuka kwa miguu.

Ila nilichotaka kukusimulia wewe ni nyumba ya daktari. Mwaka 1989 mafundi walikuwa wanatengeneza bustani katikati ya mji, wakakuta chini kuna nyumba iliyoungua katikati ya karne ya 3. Mwenyewe alikuwa mpasuaji! Siku hizi unapita juu yake kwenye vijia, unatazama chini sakafu za vijiwe vya rangi, na chumba alimopokelea wagonjwa.

Vifaa vyake viko makumbusho ya jirani, zaidi ya 150. Visu vya kupasulia, koleo za kung'olea meno, vinu na michi ya kusagia dawa. Vingine moto umevigandanisha, huwezi kuvitenganisha. Kipo kimoja cha kutolea kichwa cha mshale mwilini, ndiyo maana wanadhani aliwahi kutibu askari. Kuna na chombo cha udongo chenye umbo la mguu, walikuwa wanajaza maji ya moto au baridi kutuliza maumivu. Nilisimama pale mpaka mume wangu akaniacha akaenda kununua piadina, chapati yao ya kukunjwa na jibini.

Dawa ya ganzi ya kuwaondolea wagonjwa maumivu wakati wa kupasua sikuiona. Wewe uliyezoea chumba cha upasuaji utanielewa.

Picha nimekutumia kwenye simu, waonyeshe wenzako kazini. Hela ya bati za Mama nitatuma mwisho wa mwezi, fundi asianze kabla.

Mdogo wako,
Salma