Blogu ya kampuni inaingiza nini? Hivi ndivyo tunavyopima

Wateja wetu wengi hutuletea ripoti yenye namba moja kubwa: idadi ya waliotembelea blogu. Mhasibu akiitazama anauliza, "Sasa hii imeingiza nini?" Ana haki ya kuuliza. Watu elfu kumi wakisoma na kwenda zao, hawafikii thamani ya mnunuzi mmoja aliyesoma makala ya bei na siku ileile akaomba profoma.

Anza na gharama. Malipo ya mwandishi yanaonekana kwenye vocha, lakini saa za fundi aliyehojiwa na za meneja aliyepitia rasimu hazionekani popote, na wote wanalipwa mshahara. Ziingize. Upande wa pili tumia faida ghafi, siyo mauzo: bidhaa iliyouzwa 100 na kununuliwa 70 imekuletea 30 tu. Toa gharama za blogu kwenye faida ghafi iliyotokana nayo, gawa kwa gharama hizohizo, zidisha mara 100. Hapo unapata asilimia ya kumpelekea mhasibu.

Ugumu uko kwenye kujua nani ameletwa na makala. Mtu anakukuta Google mwezi Machi, anasoma, anafunga. Mei anaandika anwani ya tovuti yako mwenyewe, anajaza fomu, ananunua. Mfumo wa takwimu unaweza kusema amekuja moja kwa moja, na makala iliyomshawishi isitajwe kabisa. Kwa sababu hiyo hatuamini chombo kimoja. Search Console ya Google huonyesha maneno yaliyotafutwa hadi ukurasa wako ukabofywa, na kwa kuwa hutunza data za miezi 16 tu, zipakue mapema. Viungo vya barua pepe na mitandao ya kijamii tunaviwekea alama za UTM, yaani maneno mafupi yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo, ili kila chanzo kijitambulishe. Halafu kuna njia ya zamani ambayo bado tunaitegemea sana: anayepokea simu aulize, "Umetufahamu kupitia wapi?" na aandike jibu kama lilivyosemwa. Ukimpa mteja orodha ya kuchagua atasema "intaneti". Ukimwacha aeleze, atakutajia makala yenyewe.

River Pools and Spas, wajenzi wa mabwawa ya kuogelea wa Virginia, Marekani, walibanwa sana na msukosuko wa uchumi wa 2008. Mmoja wa wamiliki, Marcus Sheridan, akaanza kuandika majibu ya maswali ya wateja, likiwemo la bei ambalo wengi kwenye biashara hiyo walilikwepa. Kwa kufuatilia wasomaji hadi waliponunua, aliweza kuonyesha mauzo yaliyoanzia kwenye makala moja. Tunawashauri wateja wote waanze na swali la bei.

Faida nyingine haipiti kwenye mauzo. Hesabu ni mara ngapi dawati la huduma linaulizwa swali lilelile kwa wiki, chapisha jibu kamili, kisha hesabu tena. Saa zilizookolewa zina thamani ya fedha, nazo ziwekwe kwenye hesabu.

Usihukumu kwa mwezi mmoja. Makala huweza kuchukua miezi kadhaa kupanda kwenye matokeo ya utafutaji. Ukitaka tushirikiane, njoo na idadi ya maombi ya bei unayopokea kwa mwezi, wastani wa faida kwa kila oda, na maswali yanayojirudia kwenye dawati lako. Tutaanzia hapo kabla ya kuandika chochote.