Wanasayansi waje pwani

Mhariri, asalaam alaykum. Mie nalima mwani huku Micheweni. Mwanangu wa darasa la 6 kaniuliza kwa nini bamvua, yaani maji ya bahari kujaa sana na kutoka sana, huja mwezi mpevu na mwezi mwandamo, sikuwa na jibu, mpaka kijana mmoja aliyesomea mambo ya bahari akamchorea mchangani kwa kijiti, jua, mwezi na dunia mstari mmoja, jua na mwezi vinavuta maji pamoja, basi mtoto siku tatu anachora hilo tu hata ukutani! Sasa nyie mnaotangaza sayansi redioni, njooni na watoto wa skuli maji yakitoka, wapeni themometa wapime dimbwi wenyewe, waone joto linavyoozesha kotonii, aina ya mwani wanaolima mama zao. Bamvua lijalo tunawasubiri.

Mkulima wa mwani, Pemba