Taa za elfu mbili: msitulaumu wanunuzi

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu ya juzi kuhusu taa za enegi seva za bei chee nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu kazunguka Kariakoo, kaongea na wauzaji, kaongea na wataalamu, halafu mwisho wa yote tunaambiwa wananchi tuache kupenda vya bei rahisi na tuangalie nembo ya ubora kabla ya kununua. Yaani kosa limekuwa letu! Nembo naiangalia kila siku. Ipo kwenye boksi, imechapwa vizuri kabisa, na taa iliyomo ndani ni takataka. Mtu aliyethubutu kuandika wati 18 kwenye taa ambayo haifiki hata 9, atashindwaje kuchapa na nembo?

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwangu Mbagala, na wenye watoto wanajua Disemba kuelekea Januari ndio msimu wetu wa sare, mtu unalala saa tisa usiku. Msimu uliopita nikanunua taa za LED duka moja la mjini, boksi limeandikwa wati 18, masaa 25,000. Kijana wa dukani akachomeka moja pale kaunta kwenye kile kibao chao cha kutestia, ikawaka nyeupee, mwanga mpaka barabarani, akasema mama si umeiona mwenyewe, nikalipa. Sasa masaa 25,000 kwa mtu anayewasha masaa 5 kila usiku ni zaidi ya miaka 13, mimi hata shule hazijafunguliwa taa ishaanza kupepesa, macho yanauma, tundu la sindano silioni, nikadhani labda ni umeme mdogo lakini mbona feni inazunguka vizuri tu. Usiku mmoja niko kwenye mashati meupe ya oda ya shule, lile kava la juu la plastiki likadondoka lenyewe, gundi ilishalainika kwa joto, likatua juu ya kitambaa na kuacha alama ya kahawia ambayo mpaka leo haijatoka na shati nimelilipa mimi. Harufu ya kuungua chumba kizima. Kugeuka, mjukuu wangu kashasogeza stuli, kashika kava mkononi, anataka kupanda amrudishie bibi taa yake. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Fundi umeme wa mtaani kwetu alipokuja kuifungua ndio nikajua nilikuwa na haki ya kupiga kelele: kwenye taa za namna ile, kava likishatoka, ile sahani yenye doti ndogo za njano zinazotoa mwanga ina umeme uleule wa ukutani, volti 230, hakuna kitu chochote kinachoutenga, mtoto akigusa unamrusha. Ndani hamna bati la aluminiamu la kutolea joto, ni plastiki tupu. Kapasita, kile kikopo kidogo cha kutuliza umeme, imevimba kichwa. Kwenye zile doti za njano kuna moja imeweka alama nyeusi katikati kama ncha ya kalamu, na kwa kuwa zimeungwa mfululizo, ikikatika moja zote zinazima. Akapima zile nyingine mbili ambazo bado zinawaka: wati 7. Wati 7 kwenye boksi la wati 18!

Akanieleza pia kwa nini zinang'aa vile dukani. Wanaweka doti chache, wanazisukumia umeme mwingi kuliko uwezo wake, mteja anaona mwanga anafurahi, joto linazimaliza akishafika kwake.

Nikarudi dukani na boksi na risiti. Kijana hata hakuishika, akanionyesha muhuri chini ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na hapa Mhariri naomba niseme kitu ambacho kwenye habari yenu hakikuguswa kabisa, huo muhuri nani kawaruhusu? Upo kwenye viatu, upo kwenye pasi, upo kwenye simu. Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya siku nyingi sana, inayotaka bidhaa iwe ya ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa, lakini muhuri wa wino wa zambarau ndio unaoonekana una nguvu kuliko sheria. Na hizi extensheni je? Unaambiwa waya wa kopa, ukiuchubua ni aluminiamu imepakwa rangi, nyembamba hiyo, mtu anachomeka pasi na jagi la maji pamoja, plagi inayeyuka. Nyumba zikiungua tunasikia redioni ni hitilafu ya umeme, basi, habari imeisha, hakuna anayeuliza ile extensheni ilinunuliwa duka gani na iliingia nchini vipi.

Hilo la kupenda rahisi nalo limeniuma. Sisi tulio kwenye tarifu ya chini ya umeme tunahesabu uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha bei inapanda. Globu ya zamani ya wati 60 ukiitoa ukaweka LED nzuri ya wati 9 mwanga ni uleule, na kwa masaa 5 kila usiku unaokoa uniti 7 na ushee kwa mwezi kwa taa moja tu. Tulihimizwa tuachane na globu tukaachana nazo. Tulichokosa ni mtu wa kuhakikisha kwamba hicho tulichoambiwa tununue ndicho kinachouzwa. Na zile enegi seva za zamani, za bomba la kioo lililojiviringisha, zina zebaki ndani, nchi zilikubaliana Bali 2022 chini ya Mkataba wa Minamata kwamba mwisho wake uwe 2025, nina hofu sana mabaki ya dunia nzima yanamwagwa kwetu kwa bei ya karanga, na zikipasuka tunazifagia kwa mkono na kutupa jalalani wanakochezea watoto.

Ninachoomba ni hiki. TBS, shirika la viwango, na FCC, tume ya ushindani, watume watu wao wakanunue taa madukani kama wateja wa kawaida, siyo kusubiri sampuli iliyopelekwa na muagizaji mwenyewe. Wazipime wati, waziwashe mwezi mzima usiku na mchana bila kuzima, halafu nyie mchapishe majina ya zilizokufa, ukurasa wa mbele, kila mwezi. Kila duka la taa liwe na kipimo cha wati pale kaunta kando ya kile kibao, mteja aone namba kabla hajalipa. Na muuzaji aandike tarehe kwa makapeni kwenye kitako cha taa, ikifa kabla ya mwaka abadilishe bila maneno. Wapo mafundi na wenye maduka wachache waaminifu wanaofanya hivyo tayari, kwa hiyo asije mtu kuniambia haiwezekani.

Zangu mbili zilizobaki nimeshazitoa kwenye holda. Nimezihifadhi na boksi lake na ile risiti yenye muhuri, mwandishi wenu akizitaka aje azichukue apeleke kupimwa.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam