Lile kopo la senti za Kanada

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliuliza kama utupe lile kopo la senti lililofuatana na mizigo yako ulipohama. Nilikujibu kwa mkato tu, "Thubutu!", maana nilikuwa njiani. Sasa nimetulia, nikueleze.

Zile zote ni senti za Kanada, na zote zimetoka kwenye chenji. Sikununua hata moja. Hapa Marekani hujipenyeza kirahisi: tangu 1920 senti yao imekuwa na upana ule ule wa senti ya huku, rangi ni ya shaba, na keshia mwenye foleni ndefu hana muda wa kutazama kama kichwa ni cha Lincoln au cha Malkia Elizabeth. Mimi hujua kabla sijasoma maandishi. Igeuze kama unavyofunua ukurasa wa kitabu: ya Marekani, picha ya nyuma inakuja kichwa chini miguu juu, ya Kanada inakaa wima.

Zimwage mezani uzipange kwa miaka. Kwenye ya 1953 Malkia ni binti mwenye shada la majani kichwani. Kuanzia 1965 kavaa taji. Ya 1990 ni mama mtu mzima, na ya 2003 ni bibi, kichwa wazi, hana taji wala shada. Mtu mmoja anazeeka mbele ya macho yako, kwa pesa isiyofika hata dola moja!

Ukiwa na sumaku, zipitishie. Nyingi za kuanzia 2000 zitanasa, kwa sababu ni chuma kilichopakwa shaba. Zenye pembe kumi na mbili ni za 1982 hadi 1996.

Nyuma karibu zote zina kijitawi chenye majani mawili, jani lile la kwenye bendera yao. Isipokuwa ya 1967, Kanada ilipotimiza miaka mia: hiyo ina njiwa anayeruka, mbawa zimetanuka. Nimeifunga kwenye karatasi, iko chini kabisa.

Tafadhali usizioshe. Ile moja iliyong'aa vibaya, rangi ya waridi, ni ya 1939, ya Mfalme George wa Sita. Niliisugua mwenyewe kwa siki na chumvi nikidhani naipendezesha. Wekundu wake mzito wa miaka yote ile ulitoka kwa dakika mbili, na hadi leo nikiiona najisikia mjinga.

Thamani? Karibu zote ni senti moja, basi. Ila Kanada waliacha kuzitengeneza 2012, na Novemba 2025 Marekani nayo ikaacha kutengeneza zake za matumizi ya kila siku, kwa hiyo sitegemei kopo hilo lijae.

Ile ya njiwa nitaifuata Jumapili. Zilizobaki ni zako.

Baba yako