Kabla hujasaini chochote

Mpenzi Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Bi Mkubwa miguu imepungua kuvimba, anakusalimu, na anauliza yale madera yake umempelekea nani. Salamu zimetosha, sasa nisikilize.

Juzi kwenye simu ulijaa furaha hata nikaona haya kukuharibia. Hongera, tena hongera sana. Mtoto kapata chuo, na yule wifi yako mwenye maneno sasa afunge mdomo. Lakini uliposema gharama ya mwaka ni dola 43,000, chuo kimetoa 41,395, na hiyo 1,600 iliyobaki utaitoa kwenye upatu, usingizi uliniruka. Ndiyo maana nikakuomba picha ya ile barua ya chuo inayoorodhesha msaada wa ada. Naandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Shoga, hawakukupa 41,395.

Chukua kalamu. Chuo chenyewe kimempa 12,000. Hiyo haina deni, ila soma yale maandishi madogo chini: alama zikishuka, wanaiondoa. Kuna Pell, ile ruzuku ya serikali kuu ya Marekani, 4,395, nayo hairudishwi. Jumla 16,395. Vya bure vimeishia hapo.

Zile 5,500 ni mkopo wa Zuhura. Katika hizo, 3,500 serikali inambebea riba akiwa bado anasoma. 2,000 zilizobaki zinahesabiwa riba tangu siku pesa inapotoka. Zile 2,500 ni mshahara wa kazi ya chuoni ambayo bado hata hajaitafuta. Akiipata, atalipwa kidogo kidogo kadiri anavyofanya, na bili ya mwanzo wa muhula haitamsubiri. Halafu 17,000, Parent PLUS, yaani mkopo wa serikali kwa wazazi. Huo mkopo ni wako wewe, kwa jina lako, mtoto hamo. Riba yake mwaka wa masomo 2024–25 ilikuwa asilimia 9.08, wakati ya mwanafunzi ilikuwa 6.53, na wanakata ada ya zaidi ya asilimia 4 kabla pesa haijafika chuoni. Wameupanga kwenye orodha pamoja na vya bure kana kwamba umeshauomba, na wala hujauomba!

Toa 16,395 kwenye 43,000. Inabaki 26,605. Hiyo ndiyo bei ya Zuhura, mwaka mmoja. Zidisha mwenyewe kwa minne, mimi mkono umekataa.

Wala usijione mjinga. Mwaka 2022 GAO, wale wakaguzi wa Bunge la Marekani, walipitia barua za vyuo za namna hii, wakakadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havisemi bei halisi ama vinaionyesha ndogo kuliko ilivyo. Mwalimu na digrii zake zote alisaini ya kijana wake hivyo hivyo, na unajua anavyofanya kazi mbili mpaka leo.

Sisemi asiende. Nakujua, hapa umeshaanza kununa. Ila kuna kitu kinaniuma kuliko hata hiyo PLUS. FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo mliyojaza, ilitazama kodi ya 2023, shemeji akiwa na ovataimu kila wiki kule ghalani. Tangu mwaka jana wamempunguzia saa, na fomu haijui hilo, maana haina pa kuandika. Kwa macho yao bado mna kipato kile. Kiwango cha juu cha Pell kwa 2025–26 ni 7,395, kwa hiyo kati ya hapo na alichopewa kuna 3,000 za kupigania. Sheria inairuhusu ofisi ya misaada ya chuo kuhesabu upya familia ikipungukiwa kipato, lakini ni mpaka uombe. Andika barua fupi, ambatanisha hati zake za mshahara za sasa na karatasi ya mwajiri. Na uwaulize wazi kama chuo kina cha kuongeza kwenye zile 12,000. Wakikataa, hujapoteza kitu.

Halafu yule jamaa aliyetaka dola 200 eti amjazie FAFSA mdogo wake Zuhura mwakani, mfukuze. Fomu ni bure. Dola 200 kwa lipi, kwa wino?

Na kile chuo cha jimbo kilichomkubali mwezi uliopita, barua yake iko wapi? Iko ndogo kwa vya bure, sawa, lakini bei yake nayo si 43,000. Nipe niipigie hesabu vivyo hivyo, tulinganishe vinavyobaki. Shemeji anajua kwamba PLUS ni deni lenu, au naye anahesabu 1,600? Zuhura mwenyewe anataka nini hasa, jina la chuo au ile kozi ya uuguzi? Mwisho wa kujibu si Mei 1? Mmeshalipa ile pesa ya kushika nafasi? Kama bado, subiri kwanza. Nikupigie Jumapili baada ya alasiri, ukiwa na barua zote mbili mezani na shemeji yupo?

Na madera jamani, Bi Mkubwa hanipumzishi.

Wako,
Mama Idi