Mnaouza dawa za pikipiki kwenye chupa za maji, andikeni ni dawa gani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na ndugu zangu waendesha bodaboda wa Mtwara, na zaidi niseme na wale wanaowauzia dawa za kuoshea na kung'arishia pikipiki. Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Mikindani. Haya ninayoyaandika nayaona kila vijana wanaponiletea vyombo vyao.

Pikipiki ya pwani haizeeki kama ya Masasi au Newala, kule bara. Kusi ikivuma, hata kioo cha spidomita kinashika utando wa chumvi. Chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kinakesha kimelowa hata usiku usio na mvua. Weka na ndoo za samaki kwenye keria, zinazodondosha maji ya chumvi kwenye madigadi na cheni kutwa nzima. Kijana amechukua Boxer ya mkataba, deni hajamaliza, spoku zimeshaanza kutu. Ana haki ya kuhangaika. Ila anakokimbilia ndiko kunakomuumiza zaidi.

Anauziwa chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi yake, ndani mna kitu cha njano au cha bluu. Akiuliza ni nini, anajibiwa, "Dawa ya kutu hiyo, paka uone." Nyingi zinazoletwa kwangu ni asidi, ama ile ya kusafishia vyoo, ama ya betri iliyoongezwa maji. Kutu inatoka kweli, na eksozi inameta palepale. Lakini asidi ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe. Inakwangua kromu, na alumini ya kava za injini inaota madoa meupe ambayo hakuna polishi itakayoyaondoa. Ikibaki kwenye maungio bila kusuuzwa, kutu inayorudi ni kali kuliko ya mwanzo. Kostiki soda nayo ni hivyohivyo kwa alumini, hata kama muuzaji anaiita sabuni kali.

Wapo wanaochanganya dawa ya choo yenye asidi na ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, wakiamini nguvu zitakuwa mara mbili. Wanangu, msifanye hivyo kabisa. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Ukifanya kwenye kibanda kilichozibwa na mabati, unaweza usitoke mzima.

Juzi kijana mmoja alikuja akilalamika kwamba breki ya nyuma haishiki. Nilipofungua habu, harufu ya dizeli ilinipokea kabla sijaona kitu. Breki shuu zilikuwa zimelowa, zimeiva weusi unaong'aa, ukigusa kidole kinateleza. Ukuta wa ndani wa habu nao umepakwa mafuta mzunguko mzima. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii umeosha wapi?" Akanieleza kwamba baada ya kuosha walimpulizia dizeli chini kote ili isishike kutu, halafu wakamfutia matairi kwa kitambaa hichohicho yawe meusi. "Fundi, mbona wote tunafanyiwa hivyo?" Asubuhi hiyohiyo alikuwa amempakia mama mjamzito kumpeleka hospitali ya Ligula.

Breki shuu ikishanywa mafuta haioshwi ikapona, inatupwa. Tairi lililofutwa dizeli linalainika na kuvimba, na likigusa lami yenye mvua halina mshiko. Hata zile dawa za dukani za kung'arisha matairi zina mafuta ya silikoni. Zipakwe ubavuni kwenye tairi la gari kama mtu anapenda, lakini pikipiki inalalia ubavu wa tairi kila inapokata kona. Mimi matairi ya pikipiki nayaosha kwa sabuni na brashi, basi. Siti pia isipakwe kitu kinachoteleza, maana abiria anashikilia hiyohiyo.

Petroli ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Vijana wanaoshea injini kwa petroli kando ya jiko la mama ntilie, na eksozi bado ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na moto, hata kama moto uko mbali na ulipokaa. Kisha watu wananawia mikono hiyohiyo petroli wakitoka gereji. Inapenya ngozini, na ndani yake mna kemikali iitwayo benzini, inayojulikana kwa kuharibu damu ya mtu.

Oili chafu, ile iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengine huipaka kuzuia kutu, sitaizungumzia sana. Inanasa vumbi na mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unasaga cheni na sproketi. Anayeishika kila siku anajitafutia saratani ya ngozi. Na sehemu zetu nyingi za kuoshea maji yake yanateremka moja kwa moja kwenye mikoko, kule kina mama wanakookota chaza.

Kuna jambo la kwetu kusini ambalo sijaona likiandikwa, nalo ni salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho, Juni kuelekea Agosti, pikipiki ndizo zinazoingiza salfa vijijini Nanyamba na Tandahimba. Mfuko ukichanika, unga wa njano unaingia kwenye cheni, kwenye swichi, kwenye soketi za taa. Ukiwa mkavu una nafuu. Ukikaa na unyevu unageuka asidi polepole, na shaba ya waya inakuwa nyeusi, ndiyo maana Septemba napokea pikipiki nyingi zenye taa zinazokatikakatika. Usikimbilie maji. Kwanza pangusa unga ungali mkavu kwa brashi laini, umejifunga kitambaa puani na kukinga macho, kwa sababu salfa inawasha macho na kifua. Maji mengi na sabuni vifuate baadaye. Na usiisogezee petroli wala moto: salfa yenyewe inawaka, na moshi wake unakaba roho.

Sasa mtu atumie nini? Dawa ya kwanza ya chumvi ni maji baridi yasiyo na chumvi. Nasema hivi kwa sababu visima vyetu vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ukioshea hayo umeirudishia pikipiki kilekile ulichotaka kukitoa. Tafuta maji ya bomba au ya mvua, hata ndoo mbili zinatosha. Subiri injini ipoe. Funga mdomo wa eksozi kwa mfuko. Sabuni nzuri ni shampuu ya gari, inapatikana kwenye maduka ya vipuri mjini. Ukiikosa, tia sabuni ya maji ya vyombo kidogo tu kwenye ndoo na usuuze sana. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali kwa rangi na kwa alumini, iacheni ifue nguo. Mashine ya presha isielekezwe kwenye beringi za magurudumu, swichi wala kabureta, kwa kuwa inasukuma maji na mchanga kupita sili.

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na moto, ifutwe mpaka ikauke, kisha ipakwe oili ya gia namba 90, nyembamba, upande wa ndani. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Nimeshawafunga vitambaa vijana waliopaka cheni huku injini inanguruma na gia imeingia, wakapoteza ncha za vidole. Ile dawa ya kopo ya kulegezea nati zilizoshika kutu si ya kulainisha cheni, inakauka mapema na kuiacha kavu.

Tanki na madigadi yapakwe nta ya gari. Vichwa vya betri vipakwe mafuta ya mgando, yaleyale ya kujipaka mwilini. Palipokwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, piga msasa mdogo na rangi ya kuzuia kutu kabla chumvi haijawahi. Ukimaliza kuosha, endesha taratibu ukibonyeza breki kidogo kidogo mpaka zikauke, ndipo upakie abiria.

Kwa wauzaji, ombi langu si kubwa. Tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani tangu mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayoisimamia. Kemikali inatakiwa iwe na lebo. Asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa ni hatari kwa mwenye pikipiki, na ni hatari zaidi kwa mtoto mwenye kiu atakayeikuta chini ya benchi. Andikeni jina lake na hatari yake, au msiiuze. Maofisa wa Mkemia Mkuu na wa Shirika la Viwango (TBS) nao watembelee vibanda vya kuoshea na gereji zetu za mitaani, kwa kuwa chupa hizi ziko huko.

Na nyinyi wenyeviti wa vijiwe vya bodaboda, Mikindani hata Magomeni na Chikongola, mkinihitaji nije niwaonyeshe vijana namna ya kuosha na kupaka cheni, semeni tu. Jumapili mchana kazi kwangu huwa nyepesi. Brashi na oili ya gia nitakuja navyo, maji ya bomba mtafute nyinyi.

Fundi pikipiki,
Mikindani, Mtwara