Risala ya Wanafunzi Watu Wazima kwa Mgeni wa Heshima, Kakuma

Mheshimiwa mgeni wa heshima, viongozi wa bloku, walimu wetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Karibu Kakuma. Tunalijua vumbi la barabara ya Lodwar, na kwa kulivumilia tunasema asante sana.

Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Kikundi chetu cha kujifunza Kiingereza kilianzia chini ya mti, na leo ni nguzo ya elimu ya watu wazima Turkana Magharibi. Wakongo, Warundi, Wasomali na Wasudan Kusini tunakaa benchi moja. Mafanikio ni makubwa: tuna ubao, tuna daftari la mahudhurio, na wenzetu wanne wanajaza fomu ya kazi kwa Kiingereza bila kushikwa mkono.

Mheshimiwa, turuhusu sasa tuseme linalotukereketa. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 imetufungulia mlango wa kazi, lakini sheria haikusomei lebo. Februari, mama mmoja wetu anayefanya usafi alichanganya jiki na dawa ya choo katika ndoo moja. Onyo lilikuwepo kwenye chupa, kwa Kiingereza. Mvuke ukamkaba, akatolewa nje amebebwa kwa kitenge chake. Mama huyo anasema Kibembe, Kiswahili na Kifaransa. Amepona, Mungu ashukuriwe, na leo amekaa mstari wa mbele.

Darasani haji, kwa kuwa darasa ni saa tatu asubuhi, na saa tatu yeye yuko na ndoo. Wachomeleaji na wapishi ni hivyo hivyo: wanaohitaji lugha kila siku ndio wasiofika. Na wanaofika hufundishwa kusalimiana na kutaja rangi. Kusoma onyo, kuulizia mshahara uliokatwa, kumwambia msimamizi "sijaelewa, rudia", hayo hatujafundishwa.

Tunaomba darasa la saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, mwalimu mmoja anayelipwa, na taa za sola. Ombi hili si geni. Mwaka jana, katika hafla kama hii, tuliahidiwa vyote kabla ya mvua. Tukapiga makofi, tukatoboa ukuta kupitisha nyaya. Mvua ikanyesha, mto Tarach ukafurika, ukakauka. Matundu yale yako nyuma ya kiti chako, Mheshimiwa. Tafadhali yatazame kabla hujaondoka.

Kwa heshima zote, safari hii tunaomba tarehe. Katibu wetu ameshika kalamu, ataiandika mbele ya hadhara hii.

Ni sisi wanafunzi wako,
Kakuma.